Kati ya Ghorofa ya Saba na ya Nane

Mara ya kwanza nilikuwa nanunua mkate.
Mwokaji ameinama ndani ya tanuri, mguu mmoja hewani,
nami nikahisi kifua kimefungwa kwa waya
na mkono wa kushoto si wangu tena.
Nikawaza: kumbe kifo huja hivi,
kwenye foleni, chenji ikiwa mkononi.

Gari la wagonjwa lililia Gldani nzima.
Wakanibandika nyaya, mashine ikachora,
daktari akaisoma michoro kama mtu asomaye risiti,
akasema: moyo mzima. Nenda nyumbani, Malkhazi.

Mara ya pili, moyo mzima.
Mara ya tatu, usiku wa theluji,
soksi za mke wangu miguuni pangu,
moyo mzima.
Ya nne nesi Nestani hakuniuliza jina.
Alileta chai, akanionyesha kiti kile kile.
Aibu nayo ina maumivu yake,
hayatokei kwenye karatasi.

Karatasi zenyewe ninazo, droo ya vijiko.
Vilima vidogo vidogo, vyote sawasawa.
Lamara akitafuta uma
hukutana na moyo wangu,
huirudisha droo taratibu.

Mimi ni fundi wa lifti.
Cheka, nimeshacheka.
Miaka kumi na tisa nawaambia waliokwama gizani:
haianguki. Kamba ziko tano,
moja tu ingekubeba wewe na kabati lako.
Hewa ipo, inapita juu ya mlango.
Kengele kulia si ajali,
kengele imezeeka, inashtuliwa na kivuli chake.

Nawaambia kwa sauti ya mtu anayejua.
Kisha usiku nakaa ukingoni mwa beseni la kuogea,
vidole viwili shingoni, nahesabu,
nangoja kufa mpaka saa kumi alfajiri,
na saa kumi na mbili navaa buti.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Changu kimevuka nguo, kiko ndani ya ngozi.
Hakisemi "naogopa". Kinasema "nakufa",
na nani amewahi kubishana na mwili wake akashinda?
Kikija nakiamini. Kikiondoka sikielewi.
Ningevunjika mguu
watu wangeandika majina yao juu ya plasta.

Februari, bibi Tsiala alikwama
kati ya ghorofa ya saba na ya nane,
na mfuko wa makomamanga,
na sarafu ambayo lifti ilikwisha kuimeza.
Nikapanda ngazi. Ya sita ikanikuta.
Waya. Mkono. Giza pembeni mwa macho.
Nilifika kwa kutambaa, nikauegemea mlango.
Upande wake analia, "Nakufa, mwanangu,"
upande wangu siwezi kujibu,
maana nami, kwa haki kabisa, nilikuwa nakufa.

"Fundi, upo?"
Nipo.
"Mbona wahema?"

Sikuwa na uongo uliobaki.
Nikamwambia kupitia ufa,
bati baridi kwenye paji la uso,
nikamwambia habari za mkate, za soksi, za droo.

Akanyamaza. Kisha, kwa sauti ya mwalimu wa hesabu:
"Kamba ni ngapi?"
Tano.
"Zihesabu."
Nikazihesabu. Tukazihesabu wote wawili,
tukarudia, nikaruka ya nne, akanirudisha.
Komamanga moja likadondoka huko ndani,
nikalisikia likibingirika mpaka likachoka.

Haikuwa tiba.
Jumanne iliyofuata nilikuwa tena kwa Nestani,
kiti kile, chai ile.
Ila siku ile nilisimama,
nikafungua kwa ufunguo wa pembe tatu,
nikamshika kwapani, nikamvuta nje.
Alinitazama juu mpaka chini,
akanipa komamanga lililopondeka,
akanidai sarafu yake.